Pikipiki ya Mbele

Mwezi uliopita kaka yangu alimwita fundi wa chenso, ule msumeno wa injini, aje kukata mti wa mgrevilea uliokuwa umeinamia paa la nyumba ya wazazi wetu, Olmotonyi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwasalimu tu, nimekaa barazani nachambua maharage. Fundi akavuta kamba mara tatu, mashine ikakohoa, ikawaka, na moshi wa buluu ukanifikia puani. Petroli iliyochanganywa na oili. Machozi yakanitoka hata kabla sijajua yanatokea wapi, na kaka yangu, ambaye hana subira na machozi ya mtu yeyote, akaniuliza kama mti ule ulikuwa shangazi yangu.

Haukuwa shangazi yangu. Ulikuwa ni moshi wa pikipiki ya baba.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu wa mlima Meru, huenda mnawakumbuka wale wazee wa pikipiki kuukuu. Jumapili moja kila mwezi walipita Ngaramtoni kwa mstari, kama kumi na wawili hivi, wamevaa makoti mazito na miwani mikubwa, na watoto wote wa barabarani wakiwakimbilia. Walikuwa na chama chao. Sharti la kujiunga lilikuwa moja: pikipiki yako iwe na umri mkubwa kuliko mtoto wako wa kwanza. Basi kulikuwa na mashine za Kiingereza nyeusi, nzito, zenye mlio wa kutikisa vikombe mezani, ambazo wenyewe walizisugua kwa vitambaa laini wiki nzima. Halafu kulikuwa na ya baba. Yake ilikuwa ndogo, ya kijani iliyopauka, ya kuchanganyia oili na petroli, na aliipata kazini kwake kwenye bustani ya miche ilipoonekana imechoka. Ilikuwa imemzidi kaka yangu miaka minne, kwa hiyo sharti lilitimia.

Mwenyekiti wao alikuwa Babu Athumani, mzee wa asili ya Tanga aliyekuwa na duka la spea Ngarenaro, kule mjini. Safari ilianzia mbele ya duka hilo saa sita mchana, maana yeye aliwangoja wenzake watoke kanisani. "Nimewasubiri mmalize kuimba," alikuwa akiwaambia, "na leo naona mmeimba beti zote." Sisi tuliokaa Olmotonyi ilitubidi tushuke hadi mjini, tujiunge na msafara, kisha tupande tena barabara ileile, tupite njiapanda ya kwetu, tuendelee hadi Oldonyosambu kula nyama. Mama hakuacha kulicheka jambo hilo.

"Yaani mnashuka mjini ili mpande tena mpite hapahapa mlangoni? Si muwangoje njiapanda kama watu wenye akili?"

"Msafara una mwanzo wake," baba alimjibu akipiga kiki.

Pamoja na kucheka, mama hakukosa kusimama njiapanda msafara ulipopita. Alisimama kwenda, akasimama kurudi, khanga begani, akatupungia mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, nimemkumbatia kiuno, nimefungwa kitambaa kichwani, namwangalia mama kwa majivuno yasiyo na kiasi. Kwa sababu katika pikipiki zote zile, baba yangu ndiye aliyekuwa mbele.

Alikuwa mbele kila safari. Mashine zote kubwa zilikaa nyuma yetu na hakuna iliyothubutu kutupita. Baba akipunguza mwendo, wote walipunguza. Baba akiona shimo, alinyoosha mkono wa kushoto na kuushusha chini polepole, kiganja kikitazama lami, na nikigeuka nyuma niliona mkono mmoja baada ya mwingine ukishuka vilevile, hadi kwa mtu wa mwisho. Akiona ng'ombe wanavuka, aliupunga mkono pembeni, na mikono yote ikapunga. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilijua ninachokiona. Shuleni aliyetutangulia kuingia darasani alikuwa kiranja. Kanisani uliotangulia ulikuwa msalaba. Basi baba yangu, aliyemwagilia miche siku sita kwa viatu vya mpira, siku ya saba alikuwa mkubwa wa wanaume hawa wote, hata wenye maduka.

Na wa mwisho kabisa, kila mara, alikuwa Babu Athumani. Nilimhurumia sana. Niliona ni mzee mwenye pikipiki kubwa na nzuri lakini hakujaliwa akili ya kuiendesha. Siku moja Oldonyosambu, watu wakila, nilimfuata pale alipokaa nikampa nusu ya kashata yangu.

"Shikamoo babu. Pole."

"Marahaba mjukuu wangu. Pole ya nini tena?"

"Ya kubaki nyuma. Ukijitahidi, na wewe utafika mbele."

Aliipokea ile nusu ya kashata kwa mikono miwili. Alinitazama, akamtazama baba aliyekuwa mbali akikata nyama, halafu akasema kwa uso usio na hata chembe ya utani, "Inshallah. Niombee." Nami nilimwombea kweli, usiku baada ya usiku, nikimtaja kati ya bibi yangu na mbwa wetu.

Ukweli niliupata shuleni, kwa mtoto wa kike niliyeketi naye dawati moja, Upendo. Baba yake alikuwa amejiunga na chama muda si mrefu, akiwa na pikipiki nyekundu aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Upendo mwenyewe hakuja safarini, mama yake alimkataza, na labda hilo ndilo lililomuuma. Nilikuwa nikisimulia, kwa mara ya ishirini nadhani, jinsi baba yangu anavyoongoza, na jinsi baba yake Upendo anavyofuata. Upendo aliendelea kuchonga penseli yake.

"Baba amesema baba yako anawekwa mbele kwa sababu kapikipiki kake ndiko kachovu kuliko zote," alisema. "Akikaa nyuma atapotea. Ndiyo sheria yao. Inayojivuta ndiyo inatangulia."

Nilimpiga kwa daftari. Nilifagia uwanja wa shule siku mbili kwa kosa hilo, na katika kufagia nikapata muda wa kutosha wa kufikiri, na kila nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba ni kweli. Nilikumbuka jinsi zile mashine kubwa zilivyonguruma nyuma yetu kwenye vilima, kama ng'ombe waliozuiwa zizini. Nilikumbuka baba akijiinamisha juu ya usukani, akilipigapiga tangi kwa kiganja, akiniambia, "Tuegemee mbele, yeyo, tuisaidie." Yeyo ni mama kwa Kiarusha, na ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. Mimi niliegemea mbele kwa nguvu zangu zote, nikidhani ndivyo wakubwa wanavyopanda vilima.

Jioni ile nilimuuliza mama jikoni, kwa sauti ndogo, kama pikipiki ya baba ni mbovu.

"Si mbovu, imechoka," alisema akipuliza moto. "Hata mimi nimechoka. Mbona hamjaniuza?"

Mtu mwenye moyo mwema angeridhika na jibu hilo. Mimi niliona aibu, na aibu ya mtoto ni kali, haina adabu. Niliona nimedanganywa na baba, aliyekaa mbele kila mwezi na kujifanya anaongoza. Sikuwaza hata kidogo kwamba hakuna siku aliyowahi kuniambia anaongoza.

Safari iliyofuata nilishuka naye mjini. Mbele ya duka, watu wakiwa wamejaa, injini zinapashwa moto, nilisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mimi leo naenda na Baba Upendo. Yake inakimbia."

Watu walicheka, kama watu wazima wanavyocheka mtoto akisema neno. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa changu mkononi, tayari kunifunga, na kwa muda kidogo alibaki amekishika tu. Kisha akasema, "Sawa, yeyo." Akanifunga kichwani, akakaza fundo chini ya kidevu kama siku zote, akanipeleka kwenye ile pikipiki nyekundu kwa mkono. Akamwambia mwenye nayo: "Akishiba huwa anasinzia. Ukisikia kichwa kinagonga mgongo wako, mshike mikono."

Nimeyasahau mengi ya utoto wangu lakini maneno hayo sijayasahau. Hata ningetaka kuyasahau nisingeweza.

Kwenda, tulikaa katikati ya mstari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mgongo wa baba kwa mbali. Ulikuwa mdogo. Koti lake lilijaa upepo na moshi wa buluu ulimfuata, nasi wote tulipita ndani yake mmoja mmoja, na nikausikia puani nikajua nani yuko mbele. Mama alisimama njiapanda, akapunga mkono kwa baba, akaona hakuna mtu nyuma yake, akaanza kututafuta kwa macho hadi akaniona. Sikumpungia.

Kurudi, baada ya nyama, barabara ina mwinuko mrefu, na pale ndipo pikipiki ya baba ilipochoka kama ilivyochoka kila mwezi. Msafara mzima ukawa unatambaa. Wale wazee walizishika mashine zao gia ya chini, zinapata moto, zinanung'unika, wala hakuna aliyelalamika. Baba Upendo ndiye aliyeshindwa. Nilimsikia akisema, "Aisee, tutalala huku," kisha akavuta mafuta.

Tukaipita ya kwanza, tukaipita ya pili. Upepo ukanijaa mdomoni. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilifurahi kwa moyo wangu wote mbaya. Tulipofika sambamba na baba nikamtazama, nikitaka aone jinsi kukimbia kunavyokuwa. Alikuwa amejiinamisha, peke yake, akilipigapiga tangi. Aligeuka, akaniona, na sijui nilitegemea nini, hasira labda. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaushusha polepole, kiganja chini. Mbele yetu kulikuwa na shimo. Baba Upendo akalikwepa, tukaondoka.

Mama alikuwa amesimama njiapanda. Sasa, weka akilini alichokiona. Miezi yote alikuwa ameona kitu kimoja: pikipiki ya kijani mbele, mume wake na mtoto wake juu yake, na wengine nyuma. Siku ile aliona pikipiki nyekundu inakuja mbio, peke yake, mtoto wake yuko juu na mume hayupo. Baba Upendo aliposimama, khanga ya mama ilikuwa imeanguka chini na hakuwa na habari nayo.

"Baba yako yuko wapi?"

Niligeuka kutazama barabara tuliyotoka.

"Wapo nyuma tu, mama," alisema Baba Upendo. "Kale kapikipiki kanajivuta."

"Umewaacha?"

"Sasa ningefanyaje?"

Mama alinishusha, akanishika mkono, akatazama barabara ya Oldonyosambu. Tukangoja. Yalipita malori, ikapita mikokoteni ya punda, wakapita wanawake waliotoka kuteka maji. Wingu likashuka Meru likafunika misitu. Baba Upendo alizima pikipiki, akaangalia saa yake, akaiangalia tena. Mkono wa mama ulikuwa umekaza hadi vidole vyangu vikafa ganzi, na sikuthubutu kuutoa, kwa maana nilikuwa nimeshajua kilichotokea. Pikipiki ya baba imeshindwa kilima. Imeshindwa kwa sababu hakuna aliyeegemea mbele. Ilikuwa kazi yangu, baba mwenyewe aliniambia kila mwezi tuisaidie, na mimi nimeiacha kwenda kukimbia na mtu mwingine. Imerudi nyuma, imemwangukia, amekufa, na nimemuua mimi.

Mtoto hapimi hatia yake kwa mizani ya watu wazima. Ile nusu saa na zaidi pale njiapanda ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimeshazaa mara mbili.

Nilisikia harufu kabla ya kuona kitu. Ama nasema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyotaka iwe. Lakini moshi wa buluu ulitokea kwenye kona, na ndani yake baba, na nyuma ya baba wote, hakuna aliyepungua, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Plagi ilikuwa imejaa masizi katikati ya kilima. Wote walisimama. Babu Athumani alikuja kutoka mwisho na mfuko wake wa spana, wakaifungua, wakaisugua, wakairudisha, ikagoma, wakaanza upya. Mikono ya mzee yule ilikuwa myeusi hadi viwikoni na kanzu aliyoivaa chini ya koti imeharibika.

Baba alishuka. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, akaokota khanga yake, akasema tu, "Chai imepoa," akaondoka kwenda nyumbani kwa haraka ili asionekane akilia. Baba akachuchumaa mbele yangu. Akafungua fundo chini ya kidevu changu, akanifuta uso kwa kitambaa kilekile.

"Umekula vumbi, yeyo."

Nikalia. Nililia kilio cha kukata pumzi, nikajaribu kumweleza kwamba sikuegemea, kwamba niliacha kuegemea, na hakuelewa kitu, ila alinishika tu.

Babu Athumani alimwendea Baba Upendo. Hakupandisha sauti. "Bwana mdogo," alisema, "ukitaka kuwahi, siku zipo nyingi, njoo peke yako. Jumapili hii ni ya kwenda pamoja." Kisha akaja kwetu, na mimi, bado na kamasi, nikamuuliza lile nililopaswa kumuuliza siku ya kashata.

"Babu, kwa nini wewe unakaa nyuma?"

Alinionyesha mfuko wake. "Mimi ndiye mwenye spana. Nikitangulia, atakayeharibikiwa nyuma yangu nitamjuaje?"

Nilipanda nyuma ya baba kwa ule mwendo mfupi wa kutoka njiapanda hadi nyumbani. Njia ile ni tambarare kabisa. Niliegemea mbele mwanzo hadi mwisho.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba kama alijua nilichokuwa nikikifikiri miaka ile, kwamba yeye ndiye mkubwa wao. Akasema alijua, Babu Athumani alimsimulia habari ya kashata siku ileile, na walicheka hadi wakatokwa machozi. "Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Ulikuwa umekaa vizuri pale nyuma yangu," alisema. "Sikuwa na haraka ya kukushusha."

Chama kile kimekwisha. Babu Athumani alifariki, pikipiki nyingi zimeuzwa au zimelala mabandani, na barabara ya Ngaramtoni sasa bodaboda zinapita kama nyuki. Ya baba imesimama stoo chini ya turubai, matairi yameoza. Baba mwenyewe magoti yamegoma. Anatembea kwa mkongojo na anachukia mtu akimtazama anapotembea.

Jumapili ile, siku moja baada ya mti kukatwa, tulikwenda kanisani wote: mimi na wanangu wawili, kaka na mke wake na watoto wao watatu. Mama alibaki na mafua. Njia yetu ina kilima kidogo, na mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika chini yake baba alisimama, kama anavyosimama siku hizi, akajifanya anatazama mahindi ya jirani.

"Nyie nendeni," alisema. "Nitawakuta."

Watoto walikuwa wameshaanza kupanda. Kaka yangu naye. Wamezoea, kila Jumapili wanamwacha na yeye anafika wakati wa wimbo wa pili na kuketi nyuma. Sijui kilichonipata. Nadhani ulikuwa ule moshi, bado ulikuwa umenikaa puani. Nikapaza sauti, nikawaita wote warudi chini.

"Babu anatangulia," nikasema. "Hakuna kumpita."

"Mama, tutachelewa!" alilalamika mwanangu mkubwa.

"Tutachelewa wote."

Kaka yangu alinitazama, na kwa mara moja maishani hakufanya mzaha. Akawapanga watoto. Mimi nikachukua mkoba wenye maji na dawa za baba nikasimama mwisho kabisa. Baba alitutazama sote pale chini, akatikisa kichwa, akatugeuzia mgongo na kuanza kupanda. Hatua moja, mkongojo, hatua moja. Nilimwona amejiinamisha mbele, na bila kukusudia nikainama na mimi.

Katikati ya kilima alipunguza mwendo. Akahamishia mkongojo mkono wa kulia. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono wa kushoto, akaushusha polepole, kiganja kikitazama chini. Palikuwa na dimbwi.

Mjukuu aliyemfuata hakujua ni nini, lakini aliushusha mkono wake vilevile. Na aliyemfuata huyo, na mwingine, na kaka yangu, hadi ishara ikanifikia mimi. Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Nikaushusha wa kwangu.